Kijapani cha Kupelekea Posa

Wakuu, mimi ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kumwokoa mama wa Kijapani sebuleni kwa watu, hapa hapa Kasulu, bila mchungaji, bila maji ya ubatizo, na bila mwenyewe kuwa na habari.

Wokovu wenyewe haukumaliza hata kikombe cha chai. Mama alisimama akaukana mbele ya ukoo mzima, tena kwa Kiswahili.

Nitawasimulia yote, ila msianze kunishambulia kwenye komenti kabla sijafika mwisho.

Naitwa Obedi. Ni Muha wa Kasulu, dereva wa mradi wa maji kule Kibondo. Sijisifu, lakini kwa barabara zetu za ndani ikifika masika, dereva ndiye bosi na wengine wote ni mizigo.

Mmoja wa mizigo yangu ni Yohei.

Yohei ni Mjapani, fundi wa pampu, kijana mpole hadi anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anaomba samahani. Kiswahili anakijua kuliko baadhi ya shangazi zangu, maana shangazi zangu ukiwaambia hujaelewa Kiha, wanarudia Kiha kile kile kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa huyu Yohei akampenda Careen.

Careen ni muuguzi wa pale Kibondo, kwao ni Kasulu, Mwilamvya. Asili yao ni Burundi. Familia ilipita kambi ya Mtabila, sasa wote ni Watanzania na vitambulisho wanavyo. Binti ana msimamo wake, haburuzwi. Akikuchoma sindano unajikuta unamshukuru.

Wakapendana, mambo yakawa moto, mimi nikawa nawabeba wikiendi bila kuuliza maswali. Hadi hapo poa kabisa.

Shida ilianza Yohei alipoamua kufuata utaratibu.

Kama hujui utaratibu wetu, ni huu. Siku ya posa, mwoaji anakuwa kama hayupo. Anakaa nyuma, anainamisha kichwa, anatazama sakafu. Hata akiulizwa jina lake, anayejibu ni mshenga. Mwoaji akifungua mdomo, hiyo ni dharau, na posa inaweza kurudishwa mlangoni.

Kwa hiyo Kiswahili chote cha Yohei, miaka yote ile ya kujifunza, siku hiyo hakina kazi.

Halafu mama yake alikuwa anakuja kutoka Japani. Wazee wa Careen walishasema wanataka kumsikia mzazi mwenyewe, sio salamu za kuletewa. Na huyo mama Kiswahili hajui. Basi akatafutwa mshenga wa kumsemea, mtu anayejua Kijapani.

Nani Kibondo nzima anajua Kijapani?

Nikanyoosha mkono.

Kiherehere, wakuu. Kijapani changu kilikuwa cha kwenye gari. Nilijua kuomba maji, kusema njaa inauma, twende, subiri, mvua inakuja, habari za nyumbani. Yohei alinifundisha kidogo kidogo safarini ili asisinzie, na mimi nikaenda kijiweni nikatangaza kwamba naongea lugha ya watu. Nani angenibishia?

Careen ndiye aliyenishusha. Alinijia na sare zake za kazi, akaniambia nisijisumbue kujifunza maneno ya ng'ombe wala mahari.

"Baba mkubwa atauliza dini," akasema. "Ataanza na dini, atamaliza na dini. Kaka Obedi, ukiteleza hapo, mimi nimekosa mume."

Baba mkubwa wake anaitwa Mzee Ndihokubwayo. Ni mzee wa kanisa, kanisa lile la walokole la kule juu, na ndiye aliyemlea Careen baada ya baba yake kufariki. Huyo mzee alishawahi kumrudisha mchumba mmoja, kijana wa Dar mwenye kazi nzuri. Alimuuliza kuhusu imani yake, kijana akajibu kwamba yeye kwa upande wa dini yupo yupo tu.

Akaambiwa basi aende akawe yupo yupo kwao.

Ndivyo nilivyojikuta najifunza Kijapani cha dini.

Darasa lilikuwa barabara ya kutoka Kibondo kuja Kasulu. Mimi nashika usukani, Yohei anatoa neno, mimi narudia. Nyuma anakaa Saady, mpima ardhi wetu, mtu wa Tanga, Mwislamu wa swala tano, na kazi yake humo ndani ilikuwa kunicheka.

Imani ni shinko. Sala ni inori. Kanisa ni kyokai. Mchungaji ni bokushi, ubatizo ni senrei, mbinguni ni tengoku. Tulipokaribia Makere nilikuwa nimeshayakamata yote, nikaanza kujiona na mimi ningesomeshwa ningefika mbali.

Nikauliza Mungu wanamwitaje.

"Kami," Yohei akasema. "Lakini kaka Obedi, wako wengi."

"Wengi wangapi?"

Akafikiri. "Huwa tunasema milioni nane."

Nilikanyaga breki, Saady akaja mbele na begi lake, huku akivuta astaghfirullah ndefu ya Kitanga.

Yohei akaanza kunieleza kwamba hakuna aliyewahesabu, ni namna ya kusema tu kwamba wako kila mahali. Mlima una wake, mto una wake, hata jiko linaweza kuwa na wake. Mimi nikamwambia, mdogo wangu, hao milioni nane tuwaache Kibondo. Kwa Mzee Ndihokubwayo tunaingia na mmoja.

Nikadhani tumemaliza. Nikauliza sasa hiyo dini yao inaitwaje, niikariri mapema.

Akasema hawana.

Hawana kabisa. Kuna hadi neno lake, mushukyo, mtu asiye na dini, na wenzake wengi kule wakiulizwa ndivyo wanavyojibu, bila aibu wala nini.

Hapo nilipaki gari pembeni.

Jamani, kwetu mtu asiye na dini hayupo. Ukienda hospitali wanaandika dini yako, ukienda polisi wanaandika dini yako. Mwizi wa mbuzi akikamatwa, ana dini. Sasa huyu nitampeleka wapi?

Nikajaribu kumbana. Nikamuuliza mwaka mpya wanafanya nini, akasema wanakwenda jinja, sehemu ya wale kami, wanapiga makofi na kuomba. Mtu akifa je? Wanamwita mtawa wa tera, hekalu la Buddha. Harusi je? Wengi wanavaa gauni jeupe wanakwenda kanisani.

"Kwa hiyo mna dini tatu," nikamwambia, "halafu mnasema hamna hata moja."

Akasema kwa ule upole wake unaokera, "Ukiipanga hivyo, ndiyo."

"Huyu sio kafiri," Saady akasema nyuma. "Huyu kajiandikisha kila mahali."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa. Nikauliza swali la mwisho, mama yake yeye huwa anasali wapi.

Akasema anasali nyumbani, kwa baba.

Nikamkumbusha kwamba baba yake alishafariki. Akasema ndiyo, ila yuko kwenye butsudan.

Butsudan, wakuu, ni kabati. Kabati dogo la mbao, liko sebuleni, ndani kuna picha ya marehemu na kengele ndogo. Kila asubuhi mama yake anapika wali, wa kwanza kuonja ni marehemu. Anamwekea na chai. Anagonga kengele, anakutanisha viganja, anampa habari za nyumbani, kisha ndio siku inaanza.

Nikawasha gari, tukapita njia ya kuingilia Nyarugusu nikiwa bado nawaza hilo kabati.

Wale milioni nane ningeweza kuwaficha. Hili la kabati ndilo lililonikosesha amani. Kwenye kanisa la Mzee Ndihokubwayo, kumpelekea chai mtu aliyekufa kuna jina moja tu, nalo ni mizimu. Likitajwa hilo, hata chakula hakiletwi.

Nikapitisha uamuzi. Dini yao ni Ukristo. Mama aongee atakachoongea, mimi najua nitakachowaambia wazee.

Yohei hakupenda. Akasema mama yake ni mtu asiyeweza uongo kabisa, hata wa kumfurahisha mgeni. Nikamjibu kwamba uongo ni wangu, mama yake hatajua hata umepita wapi. Nikamuuliza, Careen unamtaka humtaki?

Aliinamisha kichwa kama tayari yuko kwenye posa.

"Namtaka sana, kaka," akasema. "Nikimkosa Careen, sijui nitarudi nyumbani kufanya nini."

Sasa mtu akikuambia hivyo, wewe ungefanyaje? Mshenga anafundishwa na shida za watu. Sikuona haya wakati ule na sioni leo.

Basi nikatangulia peke yangu Mwilamvya kwenda kuomba siku. Mzee hakuwepo, nikapokelewa na bibi yake Careen, Bibi Mpawenimana, mama mzazi wa mzee. Bibi mdogo wa umbo, macho makali, Kiswahili anakisikia chote ila anapenda kujibu kwa Kirundi, na sisi Waha tunamwelewa bila taabu. Careen naye alikuwa nyumbani siku hiyo.

Nilikuwa na kiu. Nikaona dirishani kikombe cha bati kimejaa chai, kimetulia, kimepoa vizuri. Nikanyoosha mkono.

Careen alinipiga kofi la mkono hadi nikashtuka.

"Hiyo ya bibi," akasema. "Anapenda ikipoa."

Nikaomba radhi. Bibi akanitazama tu. Nilijua siku nyingi kwamba nyumba ile ina chai ya bibi inayopoozwa dirishani. Mtaa mzima ulijua. Hata mchungaji akija kutembelea, mzee mwenyewe humwambia mama anapenda chai ya baridi, na mchungaji anaendelea na maombi. Sikuwaza zaidi, mimi kichwani nilikuwa na senrei na bokushi.

Mama Yohei akafika. Tukampokea Kigoma, nikamwendesha taratibu kama nabeba mayai.

Anaitwa Fumiko. Mama mfupi, nywele nyeupe amezikata chini ya masikio, mkononi kikoba ambacho hakukiachia hata tulipopata pancha. Nikamsalimia kwa Kijapani changu cha gari, akafurahi hadi akaniinamia, na mimi nikamwinamia, akainama tena, nikainama tena, hadi Saady akauliza kama tutafika leo.

Siku ya posa tulienda wanne. Mimi mshenga, Mama Fumiko, Yohei, na Saady tuliyemfanya baba mdogo wa mwoaji. Ndiyo, baba mdogo wa Mjapani alikuwa Mdigo mwenye kofia. Mwoaji lazima awe na ndugu, na ndugu ndio hao tuliokuwa nao.

Tulikubaliana na Yohei kwamba kwa kuwa haruhusiwi kuongea, nikikosea tafsiri akohoe.

Tukaingia. Mama Fumiko alivua viatu mlangoni, akavigeuza vikatazama nje, akavipanga sawasawa pamoja na vya wote waliotangulia. Nikaona shangazi wawili wanatazamana, wamependa. Nikasema moyoni, leo tumeanza vizuri.

Tukakaa. Bibi alikuwa pembeni ya dirisha, kikombe chake kiko pale pale. Mzee Ndihokubwayo alikuwa katikati, suti ya kijivu, miwani, Biblia pajani. Mezani palikuwa na chupa za chai, vikombe, na bakuli la sukari. Jikoni harufu ya migebuka, samaki wetu wa ziwani, na mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Salamu zikaisha. Nikatoa hotuba yangu, kwamba tumepita njiani tukaona ua, tunaomba kulichuma. Wakapiga makofi. Mzee akatabasamu kidogo, akaweka mkono juu ya Biblia.

Akasema hawana haraka ya kuzungumza mahari. Akasema wao watauliza jambo moja tu, na wanamuuliza mzazi.

"Mshenga, muulize mama yetu. Wao ni watu wa dini gani?"

Nikageuka kwa Mama Fumiko, nikamuuliza kwa Kijapani lile swali nililokariri njia nzima. Nililitamka vizuri, hata Yohei hakukohoa.

Mama Fumiko akanitazama usoni. Akajibu kwa sentensi mbili fupi. Mushukyo ilikuwa humo, niliisikia inapita.

Nikawageukia wazee, nikainua mabega.

"Mama anasema wao ni Wakristo. Wameokoka tangu enzi za babu yake. Wana kyokai yao, yaani kanisa, na mchungaji wao anawasalimu sana."

Yohei alikohoa hadi shangazi mmoja akamletea maji.

Shangazi wengine wakaitikia amina, mzee akaanza kulegeza tai, na mimi nikanyanyua kikombe changu kujipongeza.

Ndipo Mama Fumiko akasimama.

Alishika kikoba chake kwa mikono miwili, akainama kwa mzee, akainama kwa bibi. Kisha akafungua mdomo. Kiswahili kilitoka neno moja moja, kigumu, lakini kila mtu alikielewa.

"Mimi ni Fumiko. Mama wa Yohei. Sina dini. Sitaki kuwadanganya. Nimekuja kuomba mtoto wenu. Nitampenda."

Akainama tena, akakaa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Saady aliniambia kwa sauti ya chini, "Bwana we, umeumbuka." Yohei masikio yalikuwa mekundu. Nikatazama mlango wa jikoni, Careen amesimama pale ananitazama moja kwa moja, hana hata wasiwasi wa kukwepesha macho. Hapo nikaelewa nani alikuwa mwalimu. Kumbe wakati mimi nabebeshwa maneno ya dini ya Kijapani barabarani, yeye kila jioni alikuwa kwenye simu na mama mkwe wake, anamfundisha yale yale kwa Kiswahili. Na hakuniambia, kwa sababu alijua dereva Obedi atapitia njia gani.

Mzee akanigeukia. Akasema mshenga nimepigwa faini, kreti za soda za kutosha watu wote waliomo ndani na waliochungulia madirishani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Alivua miwani.

"Jina langu ni Ndihokubwayo," akasema. "Maana yake niko hai kwa sababu Yake. Tulipotoka Burundi hatukubeba sufuria, hatukubeba godoro. Hilo jina ndilo nililofika nalo Mtabila. Mama huyu ni mkweli, namheshimu. Lakini mtoto wa marehemu mdogo wangu nitamkabidhije kwenye nyumba isiyo na Mungu ndani?"

Shangazi mmoja akaingia jikoni akaanza kufunika vyakula, na ukiona hivyo ujue mambo yameharibika. Careen alishika fremu ya mlango. Yohei alikuwa anatazama sakafu kama alivyoelekezwa, ila chozi lilidondoka pale chini karibu na mguu wa Saady, na Saady akaacha kabisa utani.

Mimi nilikuwa na maneno yote ya imani, wakuu. Shinko ninayo, inori ninayo, tengoku ninayo. Sikuwa na hata moja la kufaa.

Bibi akaongea kwa Kirundi, kutoka pale dirishani. Akaniagiza nimuulize mgeni swali.

"Muulize mume wake yuko wapi."

Hilo nililijua kwa Kijapani. Nikauliza.

Mama Fumiko hakujibu kwa mdomo. Alifungua kile kikoba, akatoa picha ndogo yenye fremu ya mbao. Baba mmoja mwenye nyusi nene, anacheka na kofia ya shambani. Akaisimamisha mezani katikati ya chupa za chai. Akamimina chai kwenye kikombe kitupu, akakisogeza mbele ya picha. Kisha akakutanisha viganja, akafumba macho, akaanza kuongea kwa sauti ndogo.

Kabati lilikuwa limesafiri kutoka Japani, limekaa sebuleni kwa mzee wa kanisa.

"Mshenga," mzee akasema. "Anafanya nini? Na safari hii usitafsiri mambo ya kichwani mwako."

Nilijua lile neno moja linalosubiriwa, mizimu. Nilijua nikilitaja, Careen amebaki na Yohei amerudi kwao. Kudanganya nisingeweza tena. Nikaamua kuacha maneno yote ya dini niliyojifunza, nikasema tu ninachokiona na ninachokisikia. Na nilikuwa nasikia vizuri kuliko siku zote, maana mama alikuwa anaongea maneno ya nyumbani, yale mepesi ya kwenye gari.

"Anampa mume wake chai, mzee. Huwa anampa kila asubuhi. Anamwambia wamefika salama. Anamwambia barabara ilikuwa na vumbi. Anamwambia nyumba ni nzuri na watu wamewapokea. Anamwambia amemwona Careen, na ni kweli kama Yohei alivyosema. Sasa anamwomba amsaidie, kwa sababu hajui kuongea na watu kama yeye."

Mama Fumiko naye akamaliza.

Bibi akanyanyuka.

Alichukua kile kikombe cha bati dirishani. Alitembea nacho polepole kwa mikono miwili, watu wakavuta miguu kumpisha, akakiweka mezani ubavuni mwa ile picha, karibu kabisa hadi kikagusana na kikombe cha mgeni.

"Huyu wangu anaitwa Kipriani," akamwambia Mama Fumiko, kwa Kiswahili, ili wote tusikie. "Tulimwacha Mtabila. Kambi ilifungwa, kaburi sijaliona tena. Nikasema basi chai atakuja kunywea huku."

Nikamtafsiria. Mama Fumiko akakiinamia kikombe cha bati vile vile alivyomwinamia mzee.

Nyumba nzima ilikuwa imeinamisha macho. Nikaelewa kwamba hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuamini habari ya chai ya baridi. Watoto walijua. Shangazi walijua. Kila mmoja alilinda siri ile ile akidhani analinda peke yake.

Wote tukamgeukia mzee. Miaka yote alikuwa anamwambia mchungaji kwamba mama anapenda chai ikipoa. Sasa akimkataa mgeni, anamkataa na mama yake mzazi, mbele ya watu.

Mzee alikitazama kikombe. Kisha akavuta bakuli la sukari.

"Mama," akasema, "miaka yote hii unampa baba chai bila sukari. Baba alikuwa anaweka vijiko viwili."

Akaweka kijiko cha kwanza. Akaweka cha pili. Akakoroga taratibu, akafuta kijiko.

Bibi akamwambia sukari ilikuwa inafungiwa kabatini na mke wa mzee, angeipata wapi. Shangazi mmoja akacheka huku analia, na hapo sebule yote ikafunguka. Vyakula vikafunuliwa. Saady akanong'ona alhamdulillahi, na mlokole wa jirani yake akaitikia amina.

Mzee akasema hajapata majibu ya kila kitu, na atazungumza na Mungu wake. Lakini nyumba inayokumbuka wafu wake kila asubuhi, akasema, hawezi kuiita nyumba tupu. Akasema tuombe. Kisha akanigeukia mimi, mtu wa faini.

"Tuombe, kwao wanasemaje?"

"Inorimasho," nikasema.

"Inorimasho," mzee akatamka, na ukoo mzima ukarudia. Mama Fumiko akakutanisha viganja. Mzee akaomba kwa Kirundi, maombi marefu kama kawaida yake, na mwisho mama akatusaidia kuitikia amina.

Wakuu, katika Kijapani chote cha dini nilichokariri kutoka Kibondo hadi Kasulu, neno lililotumika ni hilo moja.

Harusi ilifungwa. Mahari sisemi, hayo ya wenyewe. Soda nililipa mimi, na watu wa madirishani walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea.

Nikajua kazi yangu imekwisha. Wapi.

Jumapili moja baada ya ibada, Mzee Ndihokubwayo akanipigia simu nije haraka. Nikakuta Bibi ameketi na simu ya Careen mkononi, anaitazama kwa karibu. Mama Fumiko ametuma picha kutoka Japani.

Ni lile kabati. Mlango uko wazi. Baba Yohei yuko na nyusi zake, mbele yake kikombe. Ubavuni pana kikombe cha pili, cha bati kama cha bibi, sijui alikipata wapi kule. Na nyuma yake, kwa kuwa babu hakuwahi kupigwa picha hata siku moja maishani mwake, amesimamisha karatasi nyeupe yenye maandishi ya kwao.

Bibi akaniuliza imeandikwaje. Nikampigia Mama Fumiko, akanisomea. Imeandikwa Kipriani.

Bibi alishika ile simu kifuani. Nilidhani atalia, na mimi nilishaanza. Badala yake akaniamuru nisikate, nimuulize mgeni jambo la muhimu. Hiyo chai ya kwao inawekwa sukari?

Nikauliza. Mama Fumiko akacheka, akajibu. Chai ya kijani hawaweki sukari kabisa, mume wake akiiona atashangaa. Lakini ya Kipriani ameiwekea, vijiko viwili, na ameikoroga.

Bibi akaridhika. Akasema "Ego", ndiyo ya Kirundi, akanirudishia simu.

Siku hizi wanaongea kila Jumapili, na mkalimani ni mimi, bila posho. Mada ni moja, wewe wako umemwambia nini leo. Mzee anakaa kando anajifanya anasoma Biblia, halafu ananiuliza neno hili na hili kwao wanasemaje.

Funzo langu ni fupi. Ukitaka kujua mtu anaamini nini, swali la dini litakupa jibu la kwenye fomu ya hospitali. Muulize asubuhi chai ya kwanza anampelekea nani, kisha ukae usikilize.

Na mshenga mwenzangu, kabla hujamwokoa mama mkwe wa watu, hakikisha bibi harusi hajamfundisha Kiswahili.